Barua kwa mwanangu kuhusu presha isiyouma

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga sote tu wazima, na wajukuu wamefika salama. Nimesoma ujumbe wako kwamba wapimaji waliokuja kazini kwenu wamekukuta na presha 152 kwa 96, kwamba hujisikii vibaya hata kidogo, na kwamba wenzako wamekutisha kuwa ukishaanza vidonge hutaviacha hadi unaingia kaburini. Ndipo ukaniuliza kama si afadhali uanze na kitunguu saumu na limau. Nakujibu kama mama, na pia kama muuguzi mstaafu.

Hilo la kutojisikia vibaya ndilo linaloponza watu, kwa sababu presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Namba ya juu ni msukumo wa damu kwenye mishipa wakati moyo unapopiga, na ya chini ni msukumo unaobaki wakati moyo unapopumzika kabla ya pigo linalofuata. Msukumo huo ukizidi kwa miaka, mishipa hukakamaa, misuli ya moyo hunenepa kwa kufanya kazi kupita kiasi, vichujio vya figo huharibika, na yote hayo hutokea mtu akiwa anakula, analala na kwenda kazini kama kawaida. Marehemu babu yako mzaa baba hakuwahi kulalamikia kichwa wala kizunguzungu hadi asubuhi ile aliposhindwa kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Tunasema mtu ana presha anapokutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hata kama ni namba moja tu iliyovuka, katika siku mbili tofauti. Nawe nakuhakikishia kwamba upimaji wa foleni nimeuona wa kutosha: mtu katoka kupanda ngazi, mkanda unafungwa juu ya shati, na huku anaulizwa jina na umri wake. Mambo hayo yote hupandisha namba. Kwa hiyo tafuta mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ile ya kifundo cha mkono, upime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja. Nenda haja ndogo kwanza, usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, kisha keti dakika tano umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na miguu bila kupishana, mkono mtupu ukilala juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Pima mara mbili kwa kuachia dakika moja katikati, uandike namba zote kwenye daftari, hata zile zisizokupendeza. Nyumbani kiwango ni cha chini kidogo: wastani ukifika 135 kwa 85, hiyo ni presha. Peleka daftari hilo kliniki, na uwaombe wakupime mkojo, sukari na figo, pamoja na umeme wa moyo.

Sasa dawa. Vidonge vya presha havimfanyi mtu kuwa mraibu. Mvaa miwani akiivua, maandishi humfifia tena kwa sababu macho yake ni yaleyale, na ndivyo ilivyo kwa anayeacha dawa kwa kuwa kipimo kimesoma vizuri: kimesoma vizuri kwa sababu anaimeza. Wapo wanaopunguziwa dozi, hata wachache wakaachishwa kabisa baada ya kupungua uzito, lakini hilo huamuliwa na daktari akiwa na vipimo mkononi. Ukipewa amlodipini, usitegemee maajabu siku ya pili. Nguvu yake yote huchukua wiki moja au mbili kuonekana. Ikikuvimbisha vifundo vya miguu, au ukipewa enalaprili ikakuletea kikohozi kikavu, rudi useme ubadilishiwe, usitupe vidonge kimyakimya. Na zile diklofenaki unazomeza kwa ajili ya mgongo, mtajie daktari, kwani nazo hupandisha presha.

Kitunguu saumu na limau ni viungo vizuri, na mimi nitakuwa wa mwisho kuvikataza, ila kazi yao halisi ni kukuwezesha kula chakula kisicho na chumvi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tena kwa kuhesabu kila kitu: ile ya sufuriani, ya kwenye vidonge vya mchuzi, ya mkate, na ile unayonyunyizia mihogo ya kukaanga kabla hujaionja. Ng'onda na papa, wale samaki wakavu wa chumvi ninaowatuma, nakujua unavyowapenda. Mwambie mkeo awaloweke usiku kucha, amwage maji yale, asiongeze chumvi, na wasiliwe kila wiki. Huko ofisini unakaa kutwa nzima, basi tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, na upunguze hicho kitambi.

Kwa Ramadhani usihofu. Dawa ya mara moja kwa siku huweza kumezwa wakati wa futari au daku, ila za kukojosha huhitaji ushauri mapema kabla ya mwezi kuandama.

Jambo moja halisubiri daftari. Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, onana na daktari siku hiyohiyo. Lakini ukiona kifua kinabana, pumzi inakatika, macho yanafifia ghafla, ulimi unakuwa mzito au upande mmoja wa mwili unalegea, upelekwe hospitali mara moja, hata kama mashine imesoma namba nzuri. Mkeo naye asomewe aya hii.

Nitumie namba za wiki ya kwanza.

Mama yako