Kumuwahi adui: lini ni kujilinda, lini ni uchokozi?

Ndugu aliyeanzisha mada ameuliza kama nchi inayomwona adui akijiandaa ina haki ya kumpiga kabla haijapigwa, naye ameegemea methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maoni yangu haki hiyo ipo, ila mlango wake ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani, na nilianza kuliona hilo usiku mmoja nikiwa askari kijana kwenye kituo cha uangalizi mpakani.

Yapata saa tisa usiku tuliona mstari wa taa ukishuka mlimani kuja upande wetu, na jioni yake tulikuwa tumearifiwa kwamba wenzetu wa ng'ambo wanajiandaa kushambulia. Mwenzangu wa bunduki ya rashasha alikwisha kuikoki, akaomba ruhusa ya kufyatua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, sauti ikizidi kumkauka. Kamanda alikataa, akaagiza irushwe risasi ya kumulika, nasi tukaona wanawake waliobeba watoto na mafurushi, wakiyakimbia mapigano ya kwao. Taarifa ya jioni haikuwa ya uongo, kwani ng'ambo kweli walikuwa wakikusanya watu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokwisha kuamini kwamba chochote kitakachotokea gizani ndicho tulichoambiwa.

Kipimo cha zamani kinachotajwa sana kilitokana na kisa cha mwaka 1837, pale majeshi ya Uingereza yalipovuka hadi upande wa Marekani wa mto Niagara na kuichoma meli Caroline, iliyokuwa ikiwasaidia waasi wa Kanada. Katika mabishano yaliyofuata, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Daniel Webster, alishikilia kwamba haja ya kujilinda lazima iwe ya papo hapo na ya kulemea, isiyoacha njia nyingine wala nafasi ya kutafakari. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inazungumzia haki ya kujilinda iwapo shambulio la silaha linatokea, na wanasheria wangali wanabishana kama imekifuta kipimo hicho.

Uvamizi wa Iraki wa 2003 hauingii humo hata kwa kusukumwa. Hapakuwa na jeshi lililokuwa njiani. Palikuwa na madai ya silaha za maangamizi, na wakaguzi walioipekua nchi baada ya uvamizi hawakukuta akiba yake. Hapo ndipo methali ya ndugu yetu inaponiacha, kwa sababu ufa unauona mwenyewe ukutani kwako, ilhali nia ya jirani husimuliwa tu, mara nyingi na mtu mwenye haraka zake.

Hata hivyo, kungoja nako kuna gharama, na wapinzani wa vita hupenda kuiruka. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 1973, mkuu wa majeshi ya Israeli, David Elazar, aliomba ndege zikaipige Siria kwanza. Waziri Mkuu Golda Meir akakataa, akihofu kwamba nchi yake ikionekana ndiyo iliyoanza haitapata msaada wa Marekani. Mchana huo Misri na Siria zikashambulia kwa pamoja, na Israeli ikapoteza zaidi ya askari 2,500 katika vita hivyo, ingawa silaha za Marekani zilikuja kwa ndege.

Katika asubuhi kama ile ningekubali kuwahi, maana lililobaki kuulizwa lilikuwa saa ya shambulio tu. Na hata hapo ningetaka serikali ipeleke ushahidi wake kwa Baraza la Usalama mara moja, kwa kuwa Ibara ya 51 yenyewe inadai hatua za kujilinda ziripotiwe huko bila kuchelewa. Kumpiga mtu leo kwa hatari inayokisiwa kuja baada ya miaka kumi siwezi kukuita kujilinda.