Kabla hujashika bisibisi: kwa wanaoanza kujenga seva ndogo ya nyumbani

Seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kuhifadhi mafaili na kuyagawa kwa wengine, huanzia kwenye kitabu cha matengenezo, siyo kwenye duka la vipuri. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Mbeya nawaambia hivyo siku ya kwanza, na wengi huona nawachelewesha. Kijana ameshapata kompyuta ndogo iliyotumika, zile za ofisini zinazofungwa nyuma ya skrini, na hamu yake ni kuifungua. Subiri kwanza, mdogo wangu.

Sisemi kile kikaratasi cha kurasa mbili kinachokuja kwenye boksi. Kampuni kama Dell na Lenovo huweka bure mtandaoni vitabu vya mafundi vyenye michoro inayoonyesha skrubu zilipo, kipi kinatoka kwanza na kipi kinafuata. Geuza kompyuta, soma modeli kwenye stika, kisha pakua kitabu cha modeli hiyohiyo. Usiridhike na kinachofanana nacho. Kwa mfano, Dell OptiPlex 3040 Micro hutumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR3L, ilhali 3050 Micro hutumia DDR4. Ukiziweka mezani pamoja utadhani ni mapacha, lakini RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, na muuzaji wa Mwanjelwa hana kosa akikuuzia ulichoitisha.

Panapowatesa wengi ni SSD za M.2, diski nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Zile ndogo za urefu wa milimita 80 zote zina umbo moja, ila kuna za aina mbili kwa jinsi zinavyozungumza na kompyuta: SATA na NVMe. Nyingi za SATA zina mikato miwili kwenye meno yake ya dhahabu, na nyingi za NVMe zina mmoja. Mkato husaidia kutambua, lakini hauthibitishi. Diski inaweza kuingia vizuri, ukaifunga na skrubu yake, halafu kompyuta isiione kabisa kwa sababu sloti ile haielewi lugha yake. Jibu la uhakika liko kwenye ukurasa wa vipimo, panapotajwa aina ya diski ambayo sloti inapokea. Usome ukurasa huo kabla hela haijatoka mfukoni.

Adapta nayo isomwe. Kompyuta ndogo nyingi za Dell hutumia volti 19.5, na adapta ya wati 65 huandikwa ampea 3.34. Plagi yake ina sindano katikati ambayo kompyuta huitumia kuitambua adapta. Ukiweka ya kuokoteza, mashine inaweza kuwaka huku ikikupa onyo na kupunguza kasi ya prosesa, nawe ukashinda unailaumu programu.

Kuhusu uniti za LUKU usiogope. Mashine ndogo ya namna hii ikiwa haina kazi nzito hula kama wati 10, yaani takribani uniti saba kwa mwezi mzima bila kuzimwa. Kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 60 itakumalizia zaidi ya uniti 40. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wachukue ndogo.

Sasa fungua. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha piga picha kabla hujalegeza chochote. Mwezi Juni na Julai huku kwetu hewa ni kavu na kila mtu yuko ndani ya sweta, na sweta hukusanya umeme tuli. Livue, gusa chuma tupu cha kasha, ndipo ushike ubao mama. Hutasikia chochote umeme ule ukipita, ila kipande cha RAM kinaweza kuharibika.

RAM huingizwa kwa mshazari. Linganisha mkato na kijino cha kwenye sloti, sukuma mpaka meno ya dhahabu yazame karibu yote, halafu bonyeza chini hadi vibanio vya pande zote mbili vilie. Kikilia kimoja, chomoa urudie. Na kama mashine imekuja kwa basi kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 800 za kutikisika, chomoa RAM na diski uzirudishe upya hata kama hubadilishi kitu.

Wakati huohuo daftari liwe wazi pembeni. Andika modeli, namba ya diski, aina na ukubwa wa RAM, volti na ampea za adapta, tarehe, na kila kebo inatoka wapi kwenda wapi. Skrubu ya kasha na ya diski hazilingani urefu, kwa hiyo chora kila moja ilipotoka. Liandike kama vile atakayeifungua mashine siku nyingine ni mtu asiyekujua, labda mwalimu wa shule ya Tukuyu ambako umeifunga ili wanafunzi wasome Wikipedia kwa programu ya Kiwix bila intaneti. Mimi siihesabu seva kuwa imekamilika kama haina karatasi yake ndani ya mfuko wa nailoni, imebandikwa pembeni ya kasha. Mashine bila karatasi ni mzigo kwa anayebaki nayo.

Ukishafunika, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, utafute kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, uweke ijiwashe yenyewe. Saa ikirudi nyuma kila ukichomoa, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ni ya volti 3 na haina gharama kubwa.

Toka Novemba mpaka Aprili radi ni nyingi. UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hukusaidia umeme ukikatika, ila radi inaweza pia kuingia kwa kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya nje. Wingu likifunga, zima seva, chomoa kebo hiyo pamoja na plagi ya ukutani.

Na picha za familia bado zisubiri. Washa programu ya Memtest86+ iipime RAM usiku kucha, asubuhi usome ripoti ya SMART, ambayo diski hujieleza afya yake, yote mawili yaingie kwenye daftari. Kukiwa na kosa hata moja la RAM, kipande hicho kirudi dukani.