Kubashiri Hadithi Fupi kwa Ushahidi

Mwanafunzi anayebashiri kitakachotokea katika hadithi fupi, kisha asirudi kuuhakiki ubashiri wake, hapati faida kubwa. Na kadiri ninavyosomesha Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Wete, kisiwani Pemba, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi yenyewe hasa imo katika kule kurudi.

Wanafunzi wangu huwataka wasimame pale taharuki inapopanda, si pale ukurasa unapokwisha, waandike daftarini wanachokitarajia pamoja na sentensi ya hadithi iliyowafanya wakitarajie. Asiyeweza kuionesha sentensi hiyo anakisia tu, hata kama mwisho wa hadithi utakuja kumpa haki.

Ipo hadithi ninayoitumia sana, ya mvuvi anayeondoka nyumbani alfajiri wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, bahari imechafuka, na mkewe akabaki ndani akilitazama jarife, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, lililotundikwa ukutani. Karibu darasa zima huandika kwamba chombo kitazama. Sababu yake naifahamu: watoto waliokulia kisiwani wanaijua kusi, na ujuzi huo ni mali, kwa kuwa ubashiri huundwa na yaliyomo katika maandishi pamoja na yale ambayo msomaji anayajua kutokana na maisha yake. Hapa, hata hivyo, ujuzi huyafunika maandishi. Tunapomkuta mvuvi yumo ndani ya gari ya abiria akielekea bandari ya Mkoani kupanda meli ya Unguja, wengi hushangaa, nami huwauliza ni sentensi gani iliyokwisha kutudokeza. Hurudi nyuma, wakasoma tena polepole, mpaka mmoja wao akalitaja jarife: aendaye kuvua angeliachaje nyumbani?

Ubashiri wa mwanzo sikubali ufutwe. Huwaambia wauache ulivyo, waandike chini yake sentensi iliyoukanusha, kisha wabashiri upya, maana mwanafunzi akiyaona mawazo yake yalivyogeuka ndipo anapotambua namna mwandishi alivyovipanga vidokezo vyake. Hadithi fupi ina nafasi ndogo mno, na kitu kilichotajwa humo mara moja, mara nyingi kimewekwa kwa makusudi.

Ziko pia hadithi zinazomalizika bila ya kulijibu swali la msomaji. Ubashiri wa namna hiyo tunauandikia kwamba haujajibiwa, na katika kusahihisha madaftari siuhesabu kuwa ni kosa, madhali sentensi iliyouzaa imeoneshwa.