Pansi Kabale zilichanua, Jinja zikalala

Mimi nimekulia Jinja, Uganda, ndoa ndo ilinileta Kabale, huku milimani kusini-magharibi. Mwaka wa kwanza nikapanda pansi mbele ya nyumba, yale maua yenye sura kama ya paka, yakachanua miezi na miezi bila shida, nikajiona fundi kweli. Nikampelekea Mama miche kumi na mbili Jinja, akaiweka kwenye jerikeni nyeusi zilizokatwa, upande wa nyumba unaopigwa na jua la jioni. Wiki mbili tu simu: "Mwanangu, maua yako yamelala." Anamwagia asubuhi, anamwagia jioni, yanazidi kulala.

Nilipofika nikachomeka kidole kwenye udongo, saa kumi alasiri, ulikuwa moto kama uji. Hapo ndo nikaelewa siyo kiu, mizizi ilikuwa inapikwa, halafu yale maji mengi yakaiozesha.

Jamani paketi inasema panda majira ya machipuko, hayo ni ya Ulaya, sisi machipuko yetu ni mwinuko. Kila ukipanda juu mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, Kabale iko karibu mita 2,000 na Jinja ni 1,100 na kidogo, kwa hiyo mbegu ileile huku inacheka kule inalia.

Sasa Mama anatumia ndoo nyeupe za rangi zilizooshwa vizuri, matundu matano chini kwa msumari wa moto, udongo mweusi na samadi iliyooza kabisa, juu nyasi kavu unene wa vidole viwili. Jua la asubuhi tu, ikifika saa tano kivuli. Mbegu anasia Aprili ili zichanue Julai, kukiwa na ubaridi kidogo.

Kama uko sehemu ya joto anza na snapdragoni, yale maua yanayopangana kwenye shina na kufunguka kama mdomo ukiyabana, zinavumilia zaidi. Mbegu zake ni kama vumbi, usizifukie, zinataka mwanga, zibonyeze tu kwenye udongo uliolowa, ila za pansi zifunike. Mche wa snapdragoni ukifika sentimita 10 ukate kichwa, najua inauma, mimi wa kwanza niliukata macho nimefumba, lakini ndo unatoa matawi.

Na ua likinyauka litoe na kishina chake kabla halijaweka mbegu, likishaweka mbegu mmea unaona kazi imeisha. Mama anapita na kikasi chake kila asubuhi kabla ya chai, na ndoo zake nne bado zina maua.