Ndimu zile nilizikamua mimi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Umewahi kung'arisha meno kwa vitu vya nyumbani, na njia gani ilikufaa?” Mimi yangu sijawahi kuyang'arisha. Niling'arisha ya mtu mwingine, na swali lenu limenikosesha usingizi tangu nilisome.

Msimamo wangu nautanguliza: ndimu isiguse meno kwa nia ya kuyafanya meupe, na mambo haya ya kujitibu meno jikoni yangekoma yote.

Mwaka 2001 mdogo wangu aliolewa hapa Lamu, nyumbani kwetu Langoni. Alipowekwa ndani, somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, alimshughulikia kwa singo ya kusugulia mwili, hina na udi. Meno hakuna aliyeyataja. Niliyaanza mimi. Mdogo wangu ni mtu wa chai ya rangi tangu utotoni, na meno yake yalikuwa na umanjano kidogo, ule ambao nusu ya mji tunao. Jirani akaniambia ndimu na soda ya kuokea huutoa. Basi siku saba, asubuhi na baada ya isha, nilikuwa nakata ndimu, namsugua meno ya mbele moja moja, kisha nachovya kidole kwenye soda nasugua tena. Povu lilikuwa likichemka mpaka midomoni, na povu hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani ni uchafu unatoka. Kumbe ni ndimu na soda zinavunjana nguvu tu, hata kwenye kikombe kitupu zingetoa povu lile lile.

Siku ya tatu akaniambia, “Dada, meno yafa ganzi.” Nikamwambia avumilie, zimebaki siku chache. Siku ya tano akakataa maji ya mtungi, akataka yaliyopashwa moto. Nilimpashia, na jioni nikakata ndimu nyingine.

Usiku wa kupambwa alitolewa nje kwa wanawake, na wallahi meno yalikuwa meupe. Lakini nilikuwa karibu yake, nikaona ni weupe wa chokaa, hauna ule umaji wa jino zima. Vugo linapigwa, vigelegele vinapaa, mtu akamletea juisi ya ukwaju yenye barafu. Hakuweza kuikataa mbele za watu. Akapiga funda moja, mkono ukaenda shavuni, machozi yakamtiririka juu ya wanja. Wanawake wakadhani analilia kuondoka kwao, wakazidisha vigelegele. Shangazi yetu naye akalia kwa kumwona analia. Mimi peke yangu nilijua ni meno, nikasimama na leso mkononi nisijue nimfute machozi au nimpokonye gilasi.

Yangeishia hapo ningenyamaza. Lakini kwa kuwa weupe ulionekana, aliendelea mwenyewe, kila Idd, kila harusi, miaka. Mwishowe tukavuka Mokowe, tukapanda basi hadi Malindi kwa daktari wa meno. Alitueleza bila kutufokea. Jino lina gamba gumu la juu, enameli, ambalo huanza kuyeyuka kipimo cha asidi (pH) kikishuka chini ya 5.5 hivi, na namba ikizidi kushuka ndivyo asidi inavyozidi kuwa kali. Maji ya ndimu yako kwenye 2. Likishalainika, kulisugua papo hapo ni kulifuta, na enameli iliyoondoka hairudi. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya manjano. Kwa hiyo kila alipong'arisha alikuwa anauleta umanjano karibu. Nilisikia hilo na mdogo wangu ameketi kando yangu.

Hapa ndipo napata taabu na msimamo wangu, maana daktari yuleyule hakukataza kila kitu. Soda ya kuokea peke yake, na maji, kwa mkono mwepesi, alisema ni laini kuliko watu wanavyodhani, na hutoa madoa ya juu ya chai na tambuu. (Isichanganywe na magadi ya mawe tunayotia kwenye kunde. Yale ni makali, na huwa na floraidi nyingi, ambayo mtoto akiila meno yake yakiwa bado yanaundwa humtia madoa ya kahawia ya ndani, kama yale ya watu waliokulia kwenye maji ya Bonde la Ufa. Madoa hayo husugui ukayatoa.) Mswaki wa mti, ambao ni sunna, nao hakuna ubaya, ila usikwangue ufizi. Mkaa yeye hakuupenda, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba unang'arisha wala kwamba ni salama.

Na iko dawa inayobadilisha rangi ya jino lenyewe: peroksaidi. Tangu 1989 madaktari wanajulikana kumpa mgonjwa kifuniko kilichochongwa kwa kipimo cha meno yake, akatia jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, akalala nayo, kwa wiki mbili hivi. Huo nao ni ung'arishaji wa nyumbani, na hufaa. Huweza kutia ganzi ya muda na kuunguza ufizi, na kilichozibia jino, au jino la bandia, hakibadiliki rangi.

Nayasema haya kwa kuwa binti wa mdogo wangu anaolewa baada ya Mfungo Tatu, na amekuja kwangu na kikopo cha unga wa mkaa alichokiona kwenye simu. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshamkatalia. Sasa nadhani nitampeleka Malindi, akaguliwe kwanza kama ana jino bovu, na daktari akiridhia, achongewe kifuniko chake. Mkaa nimeuzuia. Ndimu sikuzitaja hata.

Nilimwuliza mamake. Picha yake ya usiku ule bado iko ukutani sebuleni, anacheka, meno yote nje, na hajawahi kunilaumu hata siku moja. Aliitazama kidogo, akasema, “Mpeleke. Lakini juisi ya baridi, usiku ule, asipewe.”