Kung'oa elfu ishirini, kutibu mzizi laki tatu: nimepita njia zote mbili

Mleta mada ameuliza swali fupi. Gego lake la chini kushoto limetoboka, maji baridi yanauma, zahanati moja hapa Dar imemwambia kutibu mzizi ni laki tatu, kung'oa ni elfu ishirini, na bima hana. Afanyeje? Naona wachangiaji wamegawanyika, nusu wanasema ng'oa ulale usingizi, nusu wanasema usithubutu. Mimi magego yaliyonisumbua ni mawili, la kulia na la kushoto, yote ya chini. La kulia niling'oa. La kushoto nilitibu mzizi. Leo hii pote ni mapengo. Kwa hiyo nivumilie mkuu, maelezo ni marefu.

Tuanze na la kulia. Mwaka 2014 nilikuwa karani kwenye wilaya moja ya kanda ya kati, jina nalihifadhi. Kitundu kilikuwa kidogo, nyama ikinasa natoa kwa njiti, maisha yanaendelea. Siku moja nikapita hospitali nikamkuta tabibu wa meno, kijana mpole, yuko peke yake. Akaangalia kwa kile kioo chao, akagongagonga kwa mpini, akasema hili linazibika kabisa. Nikafurahi. Kisha akashusha sauti: "Ila kaka, kompresa imekufa tangu mwaka jana, drili haizunguki. Hapa tunang'oa tu. Ukitaka kuziba nenda mkoani." Kile kiti cha meno, kizuri tu cha kisasa, kilikuwa pembeni kimefunikwa shuka la maua, juu yake wamepanga maboksi ya glovu. Wagonjwa walikuwa wanang'olewa kwenye kiti cha mbao cha ofisini, msaidizi ameshika kichwa kwa nyuma.

Mkoani maana yake nauli elfu kumi na sita kwenda na kurudi, gesti usiku mmoja kwa sababu foleni ya meno unaiwahi alfajiri, na ruhusa ya siku mbili kwa bosi ambaye haamini kwamba jino ni ugonjwa. Hapo jino lenyewe hujalilipia hata shilingi. Nikaona kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama hakistahili safari hiyo, nikasubiri. Miezi minne nilisubiri, kwa vidonge vya maumivu vya Diclopar na karafuu, mpaka usiku mmoja shavu likajaa kama nimeficha embe. Asubuhi nikarudi kwa yule kijana. Nililipa elfu tano, glovu na bomba la sindano nikanunua mwenyewe duka la dawa ng'ambo ya barabara. Baada ya robo saa nikasikia jino linadondoka kwenye kibakuli cha chuma. Nikatoka nje upande mmoja wa mdomo umelala kwa ganzi, najiona mjanja kuliko wote waliokwenda mkoani.

Ujanja huo nimeulipa kwa awamu. Ukiondoa gego, jino la nyuma yake huanza kuinama mbele kulifuata pengo, na la juu lililokuwa linakutana nalo hushuka taratibu kwa sababu halina wa kumzuia. Hauhisi chochote. Mimi niligundua miaka mitano baadaye, kwamba kati ya jino lililoinama na ufizi kuna mfuko unaohifadhi mchicha. Nikaambiwa niweke jino la bandia la kuvaa na kuvua, nikalinunua elfu sitini. Lilinikwangua nikalivua, sasa liko kwenye droo pamoja na chaja za simu za zamani. Pandikizi la kuchomekwa kwenye mfupa niliulizia mara moja, bei ilikuwa inahesabika kwa mamilioni, nikaaga kwa heshima.

Kubwa zaidi ni kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa natafunia kushoto. Sisemi ndiyo sababu pekee, uvivu wa kupiga mswaki usiku nao ulikuwepo, lakini mwaka 2022 gego la kushoto nalo likaanza. Mwanzo maji baridi yanakata kama wembe kisha yanaacha. Nikapuuza. Baada ya wiki kadhaa likawa linaniamsha saa nane usiku, linapwita lenyewe bila kuguswa, nikikaa kitako linapoa kidogo, nikilala linarudi. Hapo nilikuwa nimeshahamia Dar, nikaenda zahanati binafsi maeneo ya Tabata.

Jambo moja la pembeni. Nilipoingia mlangoni nilisikia harufu ya bibi yangu. Bibi alikuwa anatubana karafuu kwenye jino bovu, anasema tafuna polepole usimeze. Nikamwuliza daktari mbona hapa kunanukia karafuu, akacheka, akaniambia dawa ya kuziba kwa muda wanayoitumia inachanganywa na mafuta yaleyale yaliyomo kwenye karafuu, yanaitwa yujenoli, na kweli yanatuliza. Kwa hiyo bibi hakuwa mshirikina. Tatizo la bibi ni kwamba alikuwa anatuliza, hakuwa anaziba.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Eksirei ikaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. "Baba, ndani limeshaanza kufa, kuziba juu juu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba." Matibabu yalikuwa safari tatu. Ganzi, halafu anatoboa juu, anaingiza vijichuma vyembamba kama sindano ya kushonea, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kidogo kuliko kilichotangulia, anasugua mifereji ya mzizi na kuosha kwa dawa inayonuka kama jiki. Gego la chini lina mifereji mitatu, wakati mwingine minne, ndiyo maana linachukua muda na ndiyo maana bei yake si ya jino la mbele lenye mmoja. Hauumi kama watu wanavyotisha. Kinachochosha ni taya, na mate.

Kumwona daktari elfu kumi na tano, eksirei elfu kumi na tano, mzizi wenyewe laki mbili na nusu. Jumla laki mbili na themanini. Nililipa kwa kukopa kikoba. Siku ya mwisho, nimeshasimama, nimeshavaa kofia ya pikipiki, ndipo mtu wa mapokezi ananiambia, "Sasa utarudi kwa ajili ya krauni, ni laki nne." Laki nne! Nikauliza, nisipoweka? Akasema jino limezibwa, ila usitafune vigumu.

Hapa ndipo naomba mleta mada usome mara mbili. Gego lililotibiwa mzizi limechimbwa katikati, kuta zilizobaki ni nyembamba, na ndilo linalobeba kazi nzito ya kutafuna. Bila hiyo krauni, yaani kofia ya kulifunika jino, linaweza kupasuka wakati wowote. Mimi nilikaa nalo miezi kumi na minne. Mke wangu ana kadi ya bima ya kazini inayonihusu na mimi, nikajaribu, nikajibiwa kuwa kung'oa wanalipia, kuziba wanalipia mpaka ukomo wa mwaka uishe, lakini kofia ni urembo. Urembo, jino la nyuma kabisa ambalo hata nikicheka halionekani! Basi jioni moja nimesimama kituoni nakula hindi la kuchoma, nikasikia "kak". Lilipasuka katikati mpaka chini ya ufizi, halikuokoleka, na kwa sababu lilikuwa vipande vipande likang'olewa kwa upasuaji mdogo, laki moja na ishirini.

Piga hesabu: laki nne kamili zimetoka, na jino sina. Ningeng'oa siku ya kwanza ningetumia elfu thelathini. Ningeweka kofia ningetumia laki sita na themanini, na pengine leo ningekuwa natafunia kushoto. Nilichonunua mimi ni nusu ya matibabu, na nusu ya matibabu haina faida kwa mtu yeyote.

Kuna mchangiaji kasema madaktari wa meno ni wezi. Mkuu, sitawatetea wote, huyo wa kunitajia krauni nikiwa nimeshavaa helmeti bado namkumbuka. Lakini angalia wanachotumia. Vile vijichuma, ganzi, dawa ya kuzibia, taa ya kukausha, karibu kila kitu kinatoka nje na kinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka 2024 ikavuka 2,600. Zahanati ileile ya Tabata sasa mzizi wa gego ni laki tatu na nusu, kwa hiyo laki tatu uliyoambiwa wewe si ya ajabu. Na ile dawa ya zamani ya kuzibia yenye rangi ya fedha, iliyokuwa nafuu na ngumu kama jiwe, inaondolewa taratibu duniani kwa sababu ina zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ndio ulioanza kuibana. Ile nyeupe inayochukua nafasi yake ni nzuri kwa macho ila ni ghali zaidi, na inataka jino kavu na mkono wenye subira.

Sasa la binti yangu, maana hili ndilo lililonifungua macho. Mwaka 2023 alikuwa darasa la pili, nikaona doa jeusi kwenye jino la nyuma, nikasema ah, la utoto hilo, litang'oka. Mke wangu akakataa, akampeleka kituo cha afya cha serikali. Tabibu akamwambia: mama, hili ni gego la kwanza la ukubwani. Huota kwenye miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, wala hakuna jino linalodondoka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kama limekuja. Likiondoka halina mbadala. Nilipoambiwa hivyo nikapeleka ulimi kwenye pengo langu la kulia. Ni jino hilohilo. Inawezekana lilianza kuoza nikiwa na umri wa binti yangu.

Alizibwa siku hiyohiyo, bila drili, bila sindano. Tabibu alikwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma, akakausha kwa pamba, akakandamiza dawa kwa kidole chenye glovu, akamwambia asile kwa saa moja. Elfu kumi na tano. Hiyo njia ya vifaa vya mkono ilianzia hapahapa kwetu, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, chini ya Mholanzi Jo Frencken, kwa sababu ya shida hiihii ya umeme na kompresa, na baadaye ikaenea duniani. Nikimkumbuka yule kijana wa kanda ya kati na shuka lake la maua, nabaki najiuliza: kitundu changu cha mwaka 2014 kilikuwa kidogo, kingeweza kuzibwa kwa mkono. Labda hakufundishwa, labda dawa hakuletewa. Sijui nimlaumu nani.

Tukirudi kwako mleta mada. Kabla ya kuchagua kati ya laki tatu na elfu ishirini, hakikisha kwanza kama kweli mzizi umekufa. Umeandika maji baridi yanauma, hukuandika yanauma kwa muda gani. Kama yanakata halafu yanaacha palepale, huenda bado ni la kuziba tu. Nenda kwa daktari wa pili na eksirei yako mkononi, ni yako, umeilipia, usikubali ibaki huko. Kama linakuamsha usiku, huo ni mzizi, na hapo uliza bei ya mzizi PAMOJA na kofia, kwa sentensi moja, kabla hujakaa kwenye kiti. Uliza pia kama unaweza kulipa kofia kwa awamu. Kama jumla yote huwezi kuifikia hata kwa mwaka, usifanye nilichofanya mimi. Ng'oa kwa amani, lakini ndani ya miezi michache fikiria jino la bandia kabla majirani hawajaanza kuinama. Na kama ni gego la mwisho kabisa, lile la akili, wala usijadili sana, ng'oa.

Wenye muda kuliko pesa, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Upanga, wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Unakaa kitini muda mrefu kwa sababu mwalimu lazima apitie kila hatua, lakini hiyo naiona ni faida.

Na wewe uliyeandika achovye pamba kwenye maji ya betri, tafadhali futa. Hiyo ni asidi, inaunguza ufizi na mfupa. Anayekunywa amoksilini za kubahatisha dukani naye ajue usaha wa jino unapungua halafu unarudi, maana chanzo kiko palepale. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu, mate yanashindikana kumeza au mdomo haufunguki, hapo usiulize jukwaani, nenda hospitali kubwa usiku huohuo.

Mkuu, nijibu mawili tu: linakuamsha usiku? Na ukiligonga kwa kucha linauma kuliko wenzake? Eksirei ukiipata iweke hapa, ila funika jina lako.