Jibu: Swali la punje za risasi ndani ya bomba

Salaam mkuu. Swali lako linataka jotoridi la punje za risasi (metali ya lead) linapanda kiasi gani ndani ya bomba la mita 1 linalogeuzwa juu-chini mara 50, na umekwama kwa sababu hukupewa masi ya punje. Huihitaji: nishati ya kuanguka (m × g × kimo × 50) ni sawa na joto (m × joto mahususi × nyuzi zilizopanda), kwa hiyo m, yaani masi, iko pande zote mbili, inakatika. Angalia kwanza kama umezidisha kimo kwa 50. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nachemka kila mtihani. Kila ukigeuza, punje zinaanguka mita 1, zinajibamiza chini, na nishati ile inageuka joto. Basi 10 (ndiyo g, mchapuko wa mvutano) × 1 × 50 = 500, gawa kwa 130 ambayo ni joto mahususi la risasi, unapata jotoridi limepanda karibu nyuzi 3.8. Tulipojaribu wenyewe ilipanda pungufu, maana bomba na kizibo navyo vilikula joto. Na usishike upande wenye punje, kiganja kinazipasha.